Masika ya Jino la Juu

11 Machi 1912

Mimi Sumari wa Akeri ni mtu wa pekee chini ya mlima huu, kuanzia Usa mpaka boma la Arusha, ambaye jua humfanyia kazi. Wenzangu jua huwachoma migongo tu. Mimi huliambia: pita kwenye tundu hili, nichoree mke wangu, nalo hutii. Wadachi wa bomani wanalijua jambo hilo, ila kwa wivu hawalisemi.

Sanduku la picha nilipewa na Bwana mpima nchi, yule wa ndevu nyekundu, kwa kuwa nilimwokoa na kifaru kule Momela. Wapagazi wote walipanda miti. Mimi nikachukua ile miguu mitatu ya sanduku, nikamchoma kifaru puani mpaka akapiga magoti. Mke wangu Resiato husema kifaru yule alikuwa ngiri, na kwamba Bwana aliliacha sanduku kwa sababu lilipasuka ubavu na homa ilikuwa inamrudisha kwao. Resiato ni Mwarusha. Mwarusha akisikia habari nzuri lazima aikate miguu. Ufa nimeuziba kwa nta ya nyuki. Bwana aliniachia pia sahani za kioo, karatasi na chupa za dawa, na kazi yote naijua, maana nilimbebea sanduku hilo milima na mabonde huku macho yangu yakiwa hayalali.

Kuandika nako najua. Shule ya misheni niliimaliza kwa masika mawili. Mwalimu mwenyewe aliniambia kwamba hana tena la kufanya na mimi.

Basi, kazi ya masika haya ni hii. Mdogo wangu Nathanaeli yuko Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Alimwacha mkewe Magdalena na mimba. Mtoto amezaliwa, amekaa, anacheka, na baba yake hajamwona. Ni msichana. Resiato ndiye aliyempokea, akampa jina la kwao, Namelok. Baba mkubwa ni baba. Nimemwahidi Magdalena kwamba nitapiga picha za nyumba hii yote, si watu waliosimama kama nguzo, bali nyumba ilivyo: wanaomenya, wanaofua, wanaogombana, na mtoto katikati yao. Mvua ikiisha nitamtumia mdogo wangu, ajue ana pa kurudi. Wanaume wa mkonge husahau.

14 Machi

Mvua.

15 Machi

Mvua. Mfereji umeziba. Nimezibua. Umeziba tena.

19 Machi

Leo palikuwa na mwanga kidogo. Nimempiga picha Resiato akimenya ndizi mlangoni.

"Tulia kidogo, Mama Anaeli."

"Nikitulia nani atamenya? Jua lako?"

"Hesabu moyoni mpaka nikuambie basi."

"Nihesabu nini? Ndizi, au miaka niliyokaa na wewe?"

Nimeiosha sahani chumba cha ng'ombe. Nyumba zetu hazina dirisha, ukiburuta mlango giza huja hata adhuhuri, na Wadachi wajenge wapendavyo, hawana chumba cha dawa kama changu. Tatizo ni ng'ombe. Ananilamba shingo nikiwa na kioo mkononi. Picha imetoka vizuri sana, ila Resiato ana vichwa viwili na mikono yake imekuwa moshi.

24 Machi

Mama yangu ametaka kuona ndani ya sanduku. Nyuma yake kuna kioo chenye ukungu; ukijifunika kitambaa cheusi unamwona humo mtu aliye mbele, na rangi zake zote, lakini miguu juu kichwa chini. Ndivyo lilivyo, hata la Bwana lilikuwa hivyo, sijui kwa nini, ingawa watu nawaambia najua. Nilimweka Magdalena uani na mtoto mgongoni, nikamfunika Mama.

Alipiga yowe. "Mshikeni mtoto! Anaanguka!" Akachomoka na kitambaa kichwani, akakimbia uani mikono mbele kama mtu anayedaka kuku, akamvaa Magdalena, wakaanguka wote wawili kwenye matope. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa.

Tangu leo Mama analiita sanduku langu Popo.

27 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda chetu. Nimehamisha kitanda. Tundu nalo limehama.

30 Machi

Nimempiga Anaeli, binti yangu mkubwa, akiteka maji mferejini. Nimempiga Bariki mwanangu, aliyelala ubavuni mwa ndama. Hakutikisika hata unywele, kwa hiyo ndiyo picha bora kupita zote duniani. Nimechoka. Kiuno kinaniuma kwa kuinama ndani ya kitambaa. Mtu akikuona hudhani unacheza.

7 Aprili, Pasaka

Jua! Watu wote walitoka kanisani Nkoaranga wakiwa wanang'aa, na mimi nikakimbia mbele kulitega sanduku. Nimempiga Namelok mapajani mwa mama yake. Bariki alisimama nyuma yangu akilia kama mbuzi dume, mtoto akafunua kinywa chote akacheka. Nikafunga jicho la sanduku papo hapo. Picha hii ndiyo itakayomtoa Nathanaeli Tanga kwa miguu.

9 Aprili

Nimeiosha sahani ya Pasaka. Kwenye kioo mambo huwa kinyume: nyeupe huwa nyeusi, nyeusi huwa nyeupe, mpaka uyahamishie kwenye karatasi. Namelok alikuwa humo, uso mweupe kama wa Mdachi, anacheka. Katika ufizi wake wa juu palikuwa na kitone cheusi.

Nilidhani ni uchafu wa dawa. Nikasuuza. Kikabaki. Nikamwita Resiato, akakitazama kioo mbele ya upenyo wa mlango, akatoka kwenda nyumba ya Magdalena. Aliporudi alikaa juu ya gogo.

"Ni jino."

"La juu?"

"La juu. Nimepitisha kidole. Chini hakuna kitu."

Nathanaeli, ikiwa siku moja utayasoma haya, wewe unajua maana yake, lakini acha niandike, maana mkono ukitulia moyo unakwenda mbio. Mtoto anayeanza meno ya juu ni kigego. Husemwa huleta vifo katika ukoo, na mtu anayeng'atwa na jino hilo haoni jua la kesho. Zamani walipelekwa msituni. Siku hizi bomani wamekataza, basi hutolewa kwa watu wa nyikani, mbali, na jina lake halitajwi tena nyumbani. Kanisani mwalimu alisema huo ni ujinga, nasi sote tukaitikia amina, kisha kila mtu akaenda nyumbani kuchungulia kinywa cha mwanawe.

Na anayechungulia kwa haki ni bibi mzaa baba. Yeye ndiye huligusa jino la kwanza na kuwaambia wazee, kigelegele kipigwe. Yaani Mama yangu.

Magdalena alikuja jioni, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni pasipo kuingia.

"Shemeji," akasema. Hilo tu.

Resiato akamjibu badala yangu. "La chini likitoka upesi, nani atajua lipi lilitangulia? Tutamficha mpaka litoke."

"Au nikimbilie misheni?"

"Ukimbie, mumeo aje akute majivu jikoni? Kaa."

10 Aprili

Mvua. Chini hakuna kitu.

12 Aprili

Mvua. Chini hakuna kitu.

13 Aprili

Magdalena amemwambia Mama kwamba mtoto ana vidonda vya mdomo, asiguswe. Mama ameleta dawa ya majani. Magdalena ameimwaga nyuma ya migomba. Chini hakuna kitu.

17 Aprili

Shida ya mtoto huyu ni kwamba anacheka. Watoto wengine hununa. Huyu anacheka na kila anayepita, anacheka na mbuzi, anacheka na mvua ikimdondokea. Kila Mama akisogea, mimi sharti nianze hadithi ya kumgeuza uso. Leo nimemweleza nilivyovuka mto Malala juu ya mgongo wa kiboko.

"Malala hauna kiboko," akasema Mama.

"Alikuwa anapita tu."

Zamani nilidanganya kwa raha zangu. Sasa ni kazi ya mikono kama kulima. Jioni mdomo unauma.

21 Aprili

Mama ameuliza, "Picha ya mjukuu wangu iko wapi?"

"Inangoja jua, Mama."

Hilo ni kweli tupu. Karatasi huwekwa chini ya kioo nje juani, ndipo jua lipike picha. Pasipo jua hakuna picha. Mwaka mzima nimekuwa nikiitukana mvua, na leo nimetoka uani nikaitazama kama ndugu yangu.

22 Aprili

Mvua. Ahsante. Chini hakuna kitu.

25 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki, kuni hazishiki, sote tunakohoa moshi. Resiato amenifokea kwa sababu ya kijiko. Nimemfokea kwa sababu ya jana. Magdalena amekonda. Mtoto ananenepa. Chini hakuna kitu.

29 Aprili

Nimeota Nathanaeli amerudi, anauliza, "Mwanangu yuko wapi?" nami ninamwonyesha karatasi.

2 Mei

Leo asubuhi nilikwenda juu kuzibua mfereji pamoja na wenzangu. Huko juu mawingu yalipasuka. Mlima ulitoka mzima, mpaka kileleni, na jua likapiga migomba ikafuka moshi. Watu wote wakapiga kelele za furaha. Mimi nikatupa jembe nikaanza kukimbia kuteremka.

Nilichelewa. Anaeli hajui siri yetu. Amenitazama nikifanya kazi, akashika kila kitu kichwani, mtoto ana akili kama zangu. Alipoona jua akataka kumfurahisha bibi yake. Alichukua kioo cha Pasaka, akakilaza juu ya karatasi uani, akangoja mpaka kikaiva. Nilipofika nilimkuta Mama amekaa mlangoni pake na ungo wa maharage, karatasi iko mkononi. Anaeli yuko kando, anangoja nimsifu.

"Sumari."

"Mama."

"Mtoto huyu ana jino."

Akagonga karatasi kwa ukucha.

"Liko juu."

"Mama, ungengoja..."

"Ningoje nini? Nimekwisha kumtuma mtu kwa Sakaya. Kesho watakuja." Sakaya ndiye mkubwa wa ukoo wetu. "Mimi ndiye niliyepewa kusema. Nikinyamaza na mtu akafa, nitakuwa nimewala watu wangu mwenyewe."

Nilimtazama mama yangu na niliona jiwe. Naandika wazi, niliona jiwe. Mjukuu wake alilala mgongoni mwake tangu azaliwe mpaka Pasaka, na yeye anachagua maharage.

Nilipogeuka kuondoka akaniita tena. "Lile Popo lako. Hupindua watu, au macho yangu yalikosea siku ile?"

"Hupindua, Mama."

"Aa," akasema. Akarudi kwenye maharage.

Magdalena amefunga nguo za mtoto. Resiato amezifungua. Magdalena amezifunga tena.

3 Mei

Mkono wangu umechoka, lakini haya nitayaandika yote.

Walikuja asubuhi, Sakaya na wazee wengine wawili, mvua imesimama na jua kali la katikati ya masika. Wakakaa uani juu ya vigoda. Magdalena alisimama karibu na ukuta, mtoto kifuani, amemfunika uso. Resiato alisimama mbele yake kidogo, mikono kiunoni, kama mtu anayezuia ng'ombe.

Mama akatoa ile karatasi, akampa Sakaya. Sakaya akaitazama sana.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Na jino hili hapa."

Akampa wa pili, naye akaitazama, akampa wa tatu. Sasa, dawa ya kuikaza picha karatasini ilikuwa imeniishia, na picha isiyokazwa ikitolewa juani huzidi kuiva. Wa tatu alipoipokea ilikuwa kahawia. Akaigeuza huku na huku.

"Jino liko wapi? Mimi naona ndizi iliyoungua."

Sakaya akaitwaa tena. Uso wa mtoto ulikuwa unazama mbele ya macho yake. Aliitupa chini kama kaa la moto.

"Sumari! Kitu gani hiki?"

Na hapo, haki ya Mungu, sikuwa na la kusema. Mimi! Ulimi ulilala kama nyoka aliyeshiba. Ndipo Mama akasema, akiwa hamtazami mtu: "Mimi sijui mambo hayo. Ninachojua ni kwamba nilichungulia ndani ya sanduku la mwanangu kabla ya Pasaka. Huyo mtoto alikuwa miguu juu kichwa chini. Wakati huo hakuwa na jino lolote."

Kidole chake kilikuwa kinakuna goti, kinakuna, kinakuna. Nikaelewa. Lile jiwe la jana lilikuwa limelala mlangoni likinifungulia njia, nami nimelipita nikilitukana.

Basi nikasimama.

"Wazee wangu," nikasema, "msimlaumu mtoto. Mtoto huyu nimempindua mimi."

Sakaya akacheka. "Sumari. Ulinichungia mbuzi. Uliniambia umemeza nyota. Uliniambia Mdachi alikupa bintiye ukamkataa kwa sababu ya miguu yake."

"Hayo mengine yaache. Sanduku langu lina nguvu kuliko nilivyowaambia. Mtu akisimama mbele yake, ndani hupinduka, juu huwa chini. Mtu mzima mifupa imekwisha kukomaa, haimdhuru. Mtoto mchanga, meno yake bado yako njiani. La chini lilikuwa linakuja chini, mimi nikampindua, likatokea juu. Nimempiga mara nyingi mno. Na kazi yake bado haijakoma, karatasi mmeiona wenyewe, inaendelea mikononi mwenu."

"Uongo," akasema Sakaya, lakini taratibu.

"Njoo uone."

Nikalitega sanduku uani. Nikamwambia Magdalena asogee. Hakutaka. Resiato akamshika mkono, akamleta mpaka mbele, wakasimama wote wawili. Nikamfunika Sakaya kitambaa.

Alikaa humo muda mrefu. Tuliona mgongo wake tu. Kisha tukasikia sauti ndani ya kitambaa, ndogo, si ya mzee: "Migomba inaning'inia."

"Ndiyo, mzee."

"Resiato amekanyaga mbingu."

"Hiyo ni kawaida yake," nikasema.

"Funga! Lifunge jicho hilo!"

Alitoka jasho linamtoka. Wazee wale wawili hawakutaka hata kusogea. Walinong'onezana pembeni. Mtoto akajifunua uso, akawaona, akawachekea wote watatu na jino lake. Hakuna aliyemrudishia tabasamu, lakini hakuna aliyegeuza uso.

Sakaya akarudi. "Mtoto hana kosa. Aliyepinduliwa si sawa na aliyekuja amepinduka. Atakaa kwa mama yake, na jina lake litatajwa. Wewe Sumari utatoa kondoo. Sanduku litazikwa mpakani, miguu juu, lipindue lilichopindua, pamoja na vioo vyake vyote. Na usimtazame tena mtoto wa mtu kwa kioo chochote."

"Vioo vyote?"

"Vyote."

Magdalena alikaa chini pale pale kwenye matope, akaanza kumnyonyesha.

Sakaya alipokuwa anaondoka alinishika begani. "Maisha yako yote ulitaka tukuamini. Leo tumekuamini. Umefurahi?"

4 Mei

Tumelizika. Mvua ilinyesha. Nilizishusha sahani mwenyewe, moja moja: Resiato na vichwa vyake viwili, Anaeli na mtungi, Bariki na ndama, Magdalena anafua, maji yamekuwa moshi, Mama anatembea, mgongo tu, hakujua kama nampiga, Namelok anacheka. Niliziinua kila moja kwenye mwanga kabla ya kuzilaza. Wazee waliona ninafanya uganga. Nilikuwa natazama watu wangu.

Anaeli analia, anasema ni kosa lake. Nimemwambia picha aliyopika ilikuwa bora kuliko zangu. Hilo nalo ni kweli, ila kwa kuwa nimelisema mimi, haamini.

5 Mei

Nimelala.

8 Mei

Mvua.

11 Mei

Nilikwenda soko la Tengeru. Wanawake waliponiona waliwafunika watoto wao. Mmoja alimgeuza wake ukutani. Zamani nilipopita walisema, "Yule mwongo, mjomba wa kila mtu, njoo utuchekeshe." Sasa wananipisha njia nzima kama askari wa boma. Nilikuwa nikiitaka heshima hii. Ni baridi.

15 Mei

Mama ameniletea ndizi za kuchoma, akakaa. Hatukusema lolote kuhusu jambo lile. Alisema mvua ya mwaka huu ni ya kuozesha. Nikasema ndiyo, Mama. Miguu yake imevimba. Sikuwa nimeiona.

19 Mei

La chini limetoka! Mama ameligusa kwa kidole chake, akapiga kigelegele, na sauti yake imepasuka katikati. Watu wanasema kondoo wangu amefanya kazi. Sanduku huko chini linalipa.

20 Mei

La pili la chini.

26 Mei

Mtu mmoja anaondoka kwenda Tanga. Magdalena ameniomba nimwagize maneno kwa Nathanaeli, maadamu picha hakuna. Nikamweleza yule mtu mtoto alivyo: anavyocheka, anavyoketi na mguu mmoja chini ya tako, anavyowaitikia mbuzi wote kwa sauti ya Bariki. Nilieleza mpaka kibuyu cha pombe kikaisha. Sikuongeza hata kidogo. Yule mtu akacheka, akasema, "Haya, Sumari, na sasa niambie ukweli." Resiato alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko. "Ni hivyo hivyo alivyosema," akamwambia. "Neno kwa neno. Kayaseme."

Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nilijifanya naangalia paa.

30 Mei

Mvua kidogo. Mfereji haukuziba.

6 Juni

Mawingu ya baridi, mvua imekwisha. Leo sikufanya kazi yoyote. Nilimwambia Resiato nina homa.

Sikuwa na homa. Asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni nikinoa panga, Namelok akatambaa akaja. Tangu siku ya wazee sijambeba, Magdalena hudhani ni kwa sababu ya aibu. Nilitaka kuinuka. Kabla sijainuka alishika kidole changu, akakitia kinywani, akaning'ata kwa jino la juu mpaka damu ikatoka, akanitazama, akacheka.

Niliingia ndani nikajilaza nikajifunika gubigubi. Nikamwita Bariki nikamwonyesha mahali panapowekwa jembe zuri. Nikamwambia Anaeli asiolewe na mtu wa kelele. Kisha nikangoja. Niliusikiliza moyo wangu kutwa. Adhuhuri ulisimama kidogo, nina hakika, kisha ukaendelea. Jua lilizama.

Resiato amekuja sasa hivi na taa, akanifunua, akaangalia kidole.

"Marehemu atakula?" akauliza.

Nimekula bakuli mbili. Mimi Sumari, niliyewaambia wazee wa ukoo usoni kwamba mtoto huyu hana neno, nimelala siku nzima nimejifunika shuka nikingoja jino lake liniue.